Tuzo za ufundishaji kwa wanafunzi wa uzamivu: nani anapima, na anapima nini?

Katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumaliza muhula bila kuzungumza na profesa wake hata mara moja. Anayemjua kwa jina ni mwanafunzi wa uzamivu anayeongoza semina, anayesimamia maabara na kusahihisha kazi zake. Huyo ndiye anayeona mapema nani ameanza kubaki nyuma. Ndiyo maana vyuo vingi vimeweka tuzo kwa ajili ya walimu hawa, na ndiyo maana inafaa kuuliza tuzo hizo zinapima nini hasa.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Mwanafunzi wa uzamivu anahesabiwa kwa tasnifu na makala. Saa anazotumia kuandaa semina haziandikwi popote, na wasimamizi wengi humwambia azipunguze. Tuzo inaweka kazi hiyo kwenye kumbukumbu. Akiomba kazi katika chuo kidogo ambako mhadhiri anabeba kozi nyingi kwa muhula, barua inayoeleza kwa nini alitunukiwa ina uzito kuliko sentensi yake mwenyewe kwamba anapenda kufundisha.

Wanaozipinga huanza na malipo. Tarehe 14 Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha na kufanya utafiti, waligoma wakidai mishahara inayolingana na gharama za maisha. Kwa mtu ambaye kodi ya nyumba inameza nusu ya kipato chake, cheti hakijibu kitu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haifuti tuzo. Inachokataza ni chuo kuitumia kama fidia ya mshahara ambao hakikutoa. Mambo haya mawili yana bajeti tofauti na yadaiwe kila moja kwa njia yake.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye kipimo.

Njia rahisi ni kutumia madodoso ambayo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula. Harvard kwa miaka mingi imetoa vyeti vya aina hii kwa wasaidizi wa kufundisha wanaopata wastani wa 4.5 au zaidi kati ya 5. Faida yake iko wazi: hakuna kamati ya kupendelea mtu, kila anayefika anapata, na walimu hawashindanii nafasi moja. Lakini hebu tuichukue hesabu hiyo tuipeleke kwenye darasa la Kiswahili, somo ambalo katika vyuo vingi vya huko hufundishwa na wanafunzi wa shahada za juu kutoka Kenya na Tanzania. Darasa lina wanafunzi 8, na 5 wamejaza dodoso. Wanne wametoa 5, mmoja aliyekasirishwa na alama zake ametoa 2. Wastani ni 4.4, cheti hakuna. Mwenzake wa kozi kubwa akijaziwa madodoso 60, naye akapata mkasirika mmoja wa aina hiyohiyo na 5 kwa wengine wote, wastani wake ni 4.95. Hasira ni ileile, lakini mmoja amekosa cheti na mwingine hakuguswa kabisa.

Halafu kuna upendeleo ambao anayejaza hajui kuwa anao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia kozi ya mtandaoni huko North Carolina. Wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja akijulikana kwa jinsia yake na jingine kwa jinsia ya mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja kwa makundi yote. Hata hivyo, kwenye swali la kurudisha kazi mapema, aliyedhaniwa mwanamume alipewa 4.35, na aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Wanafunzi walikuwa 43 tu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Ila kurudisha kazi ni jambo la tarehe, si la kupenda au kutopenda. Huko Toronto, mwaka 2018, msuluhishi wa mgogoro kati ya chuo na wahadhiri aliamua kwamba madodoso hayo yasitumike kupima ubora wa ufundishaji katika maamuzi ya kupandisha vyeo.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina hatua ya pili ambayo inafaa kuigwa. Idara huteua wasaidizi bora, kisha waliotunukiwa wanaweza kuwania tuzo nyingine kwa kuandika insha fupi: tatizo gani la kujifunza uliliona darasani, ulifanya nini, na ulijuaje kwamba kilisaidia. Swali la tatu ndilo linalochuja, kwa sababu mcheshi asiye na ushahidi hukwama hapo. Udhaifu wake ni kwamba anayejua kuandika vizuri anaweza kumpita anayejua kufundisha vizuri.

Kwa hiyo insha isisimame peke yake. Kamati iombe kazi tano zilizosahihishwa: mbili za alama za juu, moja ya kati, mbili za chini. Kwenye karatasi hizo mwalimu huonekana waziwazi. Mwanafunzi ameandika “Vitabu yangu iko mezani.” Msaidizi mmoja anakata na kuandika sentensi nzima upya juu yake. Mwingine anapigia mstari “vi-” na kuandika pembeni: “Ngeli gani hii? Sahihisha sehemu mbili.” Wiki inayofuata, karatasi ya mwanafunzi yuleyule inaonyesha kama alielewa.

Kisha mtu aingie darasani mara mbili, katika wiki tofauti, akiwa amekubaliana na mwalimu tarehe na lengo la kipindi. Aandike kila baada ya dakika tano wanafunzi wanafanya nini, si mwalimu anasema nini. Wapinzani wanasema profesa hana muda huo. Kwa watu sita waliobaki baada ya mchujo ni vipindi 12. Idara ya maprofesa 15 inavimudu. Na wanaosimamia maabara au kusahihisha tu wawe na kundi lao la tuzo, kwani wanafunzi wao mara nyingi hawajui hata nani wa kumpendekeza.

Jambo hili linatuhusu pia nyumbani. Tanzania, mtu huajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi akiwa na wastani wa angalau 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, kipimo cha alama alizopata kabla hajasimama mbele ya darasa. Anayefaulu mitihani si lazima ajue kuongoza semina, na vyeo vinavyofuata hutegemea zaidi shahada na machapisho. Utaratibu wa kazi tano na vipindi viwili hauhitaji fedha za wafadhili.

Linabaki tatizo la lugha. Huko Marekani, kamati inayopima darasa la Kiswahili mara nyingi haina hata mmoja anayekielewa, hivyo hutazama uchangamfu na kupigia kura uchangamfu. Suluhisho lipo: dakika 20 za video na zile kazi tano zitumwe kwa mwalimu wa Kiswahili wa chuo kingine, alipwe kwa saa zake, na ripoti yake isomwe kabla kamati haijafungua madodoso.