Fulana ya kuzuia risasi nyumbani: nani ataivaa?

Katika majimbo mengi ya Marekani, fulana ya kuzuia risasi unaiagiza mtandaoni na kuletewa hadi mlangoni. Sheria ya shirikisho inawakataza waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa ya ukatili. Connecticut inataka muuzaji na mnunuzi waonane ana kwa ana, na New York tangu 2022 imezuia mauzo kwa raia wengi. Kwingineko uamuzi ni wa familia yenyewe, zikiwemo familia za ndugu zetu walioko Texas na Minnesota.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kuta za ndani za nyumba nyingi kule ni mbao na jipsamu, na risasi ya bastola huzipenya. Mzazi anayesikia mlango ukivunjwa, huku watoto wamelala upande wa pili wa korido, hawezi kujifungia chumbani akawasubiri polisi. Lazima avuke. Katika hatua hizo chache kifua chake ndicho kilicho wazi, na fulana, tofauti na bunduki, haiwezi kumuua mtoto kwa bahati mbaya. Hoja hiyo naikubali.

Tena fulana inafanya kazi, na ushahidi wake ni mchungu. Mei 2022, huko Buffalo, jimbo la New York, mlinzi wa duka aliyekuwa polisi mstaafu alimpiga risasi muuaji aliyelivamia duka hilo, lakini deraya (vazi la kuzuia risasi) aliyoivaa muuaji ikamkinga. Watu 10 waliuawa, mlinzi huyo akiwa mmojawapo. New York ilitunga sheria yake baada ya hapo. Siwezi kuwalaumu, ingawa sheria hiyo inamnyima pia mama aliyetishiwa kuuawa na mume waliyeachana.

Lakini kinga hiyo ina mipaka. Fulana laini ya daraja la IIIA, ngazi ya kinga katika vipimo vya Marekani, huzuia risasi nyingi za bastola; ya bunduki ndefu ya AR-15 huipenya. Kwa bunduki kama hiyo unahitaji mabamba magumu, na la seramiki laweza kuwa na uzito wa kilo 3. Hata risasi ikizuiwa, vipimo vya Marekani vinaruhusu udongo wa majaribio nyuma ya fulana ubonyee hadi milimita 44. Kwenye mwili, hiyo yaweza kuwa mbavu kuvunjika. Shingo, kichwa na mapaja viko wazi, na fulana nyingi hazikutengenezwa kuzuia kisu.

Halafu kuna usiku wenyewe. Umeshtuka usingizini, fulana iko kabatini chini ya mablanketi, mikanda imejikunja. Na ni moja, ninyi mko wanne.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mlango. Skrubu fupi zinazoshika kibati cha kitasa kwenye fremu, zibadilishe uweke za inchi 3 zinazofika kwenye nguzo ya ukuta. Weka taa nje, simu kando ya kitanda, na mkubaliane chumba cha kukimbilia. Pesa ikibaki, nunua fulana mpya (dhamana huwa ya miaka 5, na mitumba nisingeigusa), uitundike karibu na kitanda kwa ajili ya yule atakayevuka korido. Akipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, aseme amevaa nini na yuko chumba gani, maana askari wanaoingia gizani hawana namna ya kumtofautisha mwenye nyumba na mvamizi.