Volti Mia Moja Kwenye Soketi ya Kimara

Hivi nani alitudanganya kwamba kitu kikishatoka Japani basi kazi imekwisha? Pita Kariakoo, mitaa ya vyombo vya umeme vya mtumba, uone pleya za santuri zilivyopangwa juu ya mashine za kufulia. Uzuri wake usiseme. Mbao imeng'aa, sahani nzito ya aluminiamu, mkono wa sindano unashuka taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Muuzaji anakuona unavyoitolea macho, anajua huyu kaisha. "Bosi, hiyo orijino. Japani kabisa."

Balaa lenyewe ndilo hilo: Japani kabisa.

Geuza nyuma usome kibati. Volti 100. Soketi yako ya Kimara ina 230. Muuzaji atakuapia kuwa inajirekebisha yenyewe. Inayojirekebisha ni chaja ya simu, kaka. Pleya ya miaka ya sabini ukiipa 230 itakuimbia wimbo mmoja tu, tena mfupi, na wimbo wenyewe ni wa moshi. Plagi yake ina miguu miwili bapa isiyoingia kwenye soketi zetu, na huo ulikuwa ulinzi wa bure, lakini sisi tunashindwa na nini? Pale pale barabarani inauzwa adapta, ambayo inabadilisha umbo la miguu na haigusi hata volti moja. Watu wanaunguza vifaa vyao kwa adapta hizo huku wanatabasamu.

Basi nunua transfoma ya kushusha umeme. Na hapo pana mtego mwingine, kwa sababu nyingi zinashusha hadi 110, si 100. Unaiona 10 ni ndogo? Joto linapanda kwa mraba wa volti: 1.1 mara 1.1 ni 1.21, yaani joto asilimia 21 zaidi, ndani ya chombo kilichozeeka. Na usiku mtaa mzima ukishazima pasi, umeme ukipanda hadi 240, ile 110 inakuwa 115. Tafuta yenye tundu la 100, na uipime kwa mita hapo hapo dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Kuhusu ukubwa, soma wati kwenye kibati uzidishe mara mbili. Pleya peke yake haizidi wati 20 au hapo karibu, lakini amplifaya ikiwa ya 150, transfoma iwe ya 300 kwenda juu. Ukifika nyumbani usiiweke jirani na sindano, itaingiza mvumo kwenye spika halafu umsingizie fundi.

Volti zikiisha zinakuja hezi, yaani umeme unapiga mara ngapi kwa sekunde, na hapa ndipo watu wazima wanalia. Japani ni nchi moja yenye umeme wa aina mbili. Upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni 60, kisa mwaka 1895 Tokyo walinunua jenereta za Ujerumani, na mwaka uliofuata Osaka wakaenda kununua za Marekani. Hawajapatana mpaka leo. Sisi tuko kwenye 50, na kontena halisemi pleya imetoka mtaa gani. Kama mota yake inafuata hezi za umeme na imefungwa puli ya 60 (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda wa sahani), hapa Dar itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Wimbo wa dakika 3 unakuchukua dakika 3 na sekunde 36. Sauti inashuka nusutoni 3 na kidogo: bibi wa taarabu anageuka mzee wa baraza anayesoma hukumu. Na vijana pale nyumbani wanaitikia kwa kichwa, "Kumbe muziki wa zamani ulikuwa unajikokota hivi!"

Kulijua hili hakuhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu. Ndani ya dakika 3 kamili kipite mara 100. Ukipata 83, umeuziwa Osaka.

Dawa ipo. Ng'oa sahani, angalia kapuli kadogo kalikokaa kwenye mota. Baadhi ya pleya zilikuja na puli ya pili, wakati mwingine imehifadhiwa humo humo ndani, na wauzaji wanaitupa wakidhani ni skrubu iliyozidi. Ikikosekana, nenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Puli ya 50 inakuwa kubwa kuliko ya 60 kwa moja ya tano, ila usisahau unene wa mkanda: puli ya milimita 10 yenye mkanda wa 0.6 haiwi 12, inakuwa 12.12. Fundi atakwambia, "Mzee, 12 inatosha, nani atasikia?" Na kwa hilo mkubalie, maana kosa halifiki asilimia 1. Akikuletea 11.5 mrudishie chuma chake. Hiyo ni asilimia 5 pungufu, karibu nusutoni nzima, na anayelijua gitaa atasikia akiwa barazani kwa jirani. Ukitaka kukimbia mateso yote haya, tafuta yenye mota ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, kama Technics SL-1200 iliyoanza kutoka mwaka 1972. Hizo hezi hazizisumbui, zinaangalia volti tu. Zinaangalia na pochi pia.

Mkanda wa zamani utaukuta umeyeyuka, umekuwa lami. Usifunge mpya juu ya lami! Futa puli na ukingo wa ndani wa sahani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Urefu upime kwa uzi, zungusha njia yote ya mkanda, halafu upunguze kama asilimia 5 ili mkanda ukae umevutika kidogo. Kuna mafundi wanaofunga mpira wa kufungia noti. Mpira wa noti una unene tofauti kila sentimita, kwa hiyo mwimbaji anatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, na fundi anasema ndiyo mtindo wa wakati ule.

Tuje kwa wenye sabufa. Sindano ya kawaida inatoa milivolti 5 hivi, umeme usioweza kumstua hata sisimizi. Inahitaji tundu lililoandikwa PHONO, lenye kikuza sauti chake, ambacho pia kinarudisha besi iliyopunguzwa wakati santuri inakatwa kiwandani. Wewe unaichomeka kwenye AUX ya sabufa, tundu la kawaida lisilo na kikuza hicho, inanong'ona kama watu wanaosengenya msibani, halafu unatangaza santuri imekufa. Nunua kiboksi cha PHONO cha kukaa kati ya pleya na sabufa, kidogo tu, ukae kwa amani.

Na vitambaa! Nani aliamuru kila redio nchini ivalishwe kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu? Amplifaya ina matundu mgongoni kwa sababu ndani mna transista zinazochemka. Wabunifu Hans Gugelot na Dieter Rams mwaka 1956 waliipa Braun SK 4, redio ya Kijerumani yenye pleya ndani yake, kifuniko cha plastiki angavu, kwa kuwa kile cha bati kilikuwa kinatetemeka na muziki. Watu walikaa chini wakawaza mtetemo wa kifuniko. Sisi tunaweka chombo cha maua chenye maji.

Lakini tusiwacheke Wajapani na hezi zao mbili, maana sisi hapa Dar tuna reli tatu zisizosalimiana. Reli ya Kati ya Mjerumani ina upana wa milimita 1000. TAZARA aliyoijenga Mchina ina 1067. SGR ina 1435. Kati ya zile mbili za kwanza tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, na kwa kiganja hicho behewa la hapa haliingii kule, mzigo unashushwa na kupakiwa upya Kidatu. Ukiwa na santuri za 33, 45 na 78 unageuza kitufe tu. Jaribu kugeuza kitufe cha reli.

Haya, mzigo uende Kimara. Bodaboda hapana, hata akikupa kofia mbili. Kwanza vua sahani, ifunge peke yake kwenye khanga. Kile kizani, chuma kizito cha nyuma ya mkono, kifungue, kiende mfukoni. Legeza ringi, chomoa kichwa cha sindano, kilaze kwenye kikopo chenye pamba. Mkono wenyewe ufunge kwenye kishikio chake kwa uzi laini, kamwe si kwa sulotepu, inatoka na rangi. Kama mota inaning'inia kwenye springi, kaza skrubu za usafiri.

Panda mwendokasi Gerezani, mwanzo wa safari, kabla watu hawajajaa. Hapo niwape sifa waliochora vituo: jukwaa liko usawa mmoja na sakafu ya basi, mtu mwenye boksi, mwenye kigari cha mtoto, mwenye magongo, wote wanaingia bila kupanda ngazi. Ni akili ileile ya kitufe kikubwa cha sauti kilichokaa pale mkono unapofika. Dereva sasa, kwa hisani yake, asimamishe basi karibu na jukwaa! Akiacha pengo la hatua nzima, usawa wote umekwenda na maji. Kaa kati ya ekseli, kwa sababu nyuma kabisa basi linarusha, na usisimame kwenye yale maungio yanayojikunja kama kinanda cha mkono. Pleya iwe mapajani, magoti yako ndiyo springi. Kama mvua imenyesha usiku kucha, uliza kwanza kama pale Jangwani barabara haijafunikwa na maji. Ukilazimika daladala, jua konda atalitoza boksi nauli ya mtu mzima halafu aliweke chini ya miguu ya watu.

Na ujiandae kwa maswali. Mama wa siti ya pembeni atachungulia boksi: kitu bapa, kina vitufe viwili na waya nyuma. "Baba, jiko zuri hilo. Linakula umeme sana?" Mwambie ukweli, wati 12. Mpaka mfike Magomeni, siti tatu za mbele zitakuwa zimegeuka kukuuliza duka.