Saa Mbili Nisizokuwa Nazo

Nilipofanyiwa upasuaji, daktari wa usingizi aliniambia nihesabu. Moja, mbili, tatu, nne... Nikafumbua macho na kumuuliza nesi, "Mnaanza saa ngapi?" Akacheka. "Tumemaliza zamani." Saa mbili nzima zilikuwa zimepita, na mimi sina hata dakika moja yake.

Usingizi wa kawaida hauko hivyo. Ukishtuka usiku wa manane, hata kabla ya kutazama saa, unahisi kwamba umelala kitambo. Ule wa dawa ni kama uzi uliokatwa kipande, ncha mbili zikaungwa, na fundo lenyewe hulioni.

Tangu siku ile siamini kwamba muda tunaouhisi unatoka kwenye saa fulani kichwani. Saa ya mwili ipo, sikatai, ndiyo inayotulaza na kutuamsha. Lakini huyu anayesema "siku imekuwa ndefu" anahesabu kumbukumbu tu.

Mtazame Michel Siffre, mwanajiolojia wa Kifaransa. Mwaka 1962 alikaa pangoni miezi miwili bila saa wala jua. Walipomtoa, Septemba 14, yeye kwa hesabu zake alikuwa bado Agosti 20. Mwili wake haukupotea: uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko unaozidi kidogo saa 24. Akili ndiyo iliyopotea. Alipojaribu kuhesabu hadi 120, tarakimu moja kwa sekunde, alitumia kama dakika tano. Na hapo alikuwa macho! Gizani siku zilifanana, hakuna cha kuzitofautisha, basi zikajikunja.

Kinyume chake ni hofu. Waliopata ajali husema kila kitu kilienda polepole. David Eagleman, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alilipima jambo hili kwa kuwaangusha watu kwenye wavu kutoka mita 31 juu. Kila mmoja aliliona anguko lake kuwa refu kwa zaidi ya theluthi kuliko la mwenzake. Lakini tarakimu zilizokuwa zikiwaka na kuzima upesi upesi kwenye kifaa walichofungwa mkononi hawakuweza kuzisoma vizuri zaidi ya walivyozisoma wakiwa chini. Kwa hiyo muda haukupunguza mwendo. Hofu iliandika mengi, na msomaji akadhani kitabu ni kirefu.

Dada yangu alikuwa kwenye benchi nje ya chumba nilimopasuliwa. Mpaka leo anaweza kukutajia viatu vya kila aliyepita.