Sio elimu tu jamani

Kuna makala nimesoma, mwandishi kasema benki zinashindwa kuwafikia watu wa chini sababu hawana elimu ya fedha, mi naona hapo kawaonea. Mama anayeshika hesabu ya kikundi chao cha kukopeshana, nani kalipa nani bado, yote kichwani bila daftari, huyo ndo hana elimu?? Ripoti ya Findex ya Benki ya Dunia ya 2021 (utafiti wa nani ana akaunti na nani hana) ilisema watu wazima kama bilioni 1.4 duniani walikuwa hawana akaunti, na sababu waliyoitaja zaidi ilikuwa hela yenyewe haitoshi.

Shida ni gharama. Akaunti ya mtu anayeweka vijisenti inahitaji karani, sistimu na ukaguzi kama ya tajiri tu ila faida haipo, sasa benki inafidia kwenye makato, mteja akicheki salio anakuta limepungua na hajaligusa, anaitelekeza, akaunti inalala.

Alafu kuna hili la kudaiwa uthibitisho wa makazi ukitaka kufungua akaunti, mtu kapanga chumba, bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba, yenye jina lake aipate wapi? Ila hapa benki nazo tusizionee, sheria za kuzuia utakatishaji fedha (kusafisha hela haramu) ni kali na wakikosea faini inawahusu wao.

Mawakala wa benki wamesaidia kweli sikatai, lakini ukifika kutoa unaambiwa kashi imeisha rudi kesho. Mkopo ndo usiseme, wanataka hati ya kiwanja kwa mtu ambaye hata chumba kapanga.