Karakorum: mji uliokula kwa mkopo

Ukimtajia mtu mji mkuu wa Wamongolia, atawaza ngome ya mawe isiyopenyeka. Karakorum, katika bonde la mto Orkhon nchini Mongolia ya leo, ilikuwa na ukuta wa udongo, uliojengwa mwaka 1235 kwa amri ya Ögedei, Khan (mtawala mkuu) wa Wamongolia. Kwa maoni yangu ukuta huo ulifaa soko kuliko vita.

William wa Rubruck, mtawa wa Kifransisko aliyefika 1254, anaeleza malango manne, kila moja na bidhaa yake. Kusini waliuza ng'ombe na magari ya kukokotwa, magharibi kondoo na mbuzi, kaskazini farasi. Mashariki nafaka, nazo zilikuwa za kubahatisha. Ndani, mtaa wa Waislamu ulikuwa na masoko, na ule wa Wachina ulijaa mafundi. Misikiti 2, kanisa 1, mahekalu 12! Hata hivyo mtawa akabeza: ukiondoa kasri la Khan, eti hata kijiji cha Saint-Denis, karibu na Paris, kiliushinda mji huo. Alipima kwa majengo, wakati wenye dola walikuwa wafugaji wanaohamahama. Möngke mwenyewe, Khan wa wakati huo, alifika hapo mara chache kwa mwaka, kufanya karamu.

Na karamu zenyewe! Guillaume Boucher, sonara wa Paris aliyetekwa Hungaria, alimtengenezea Khan mti wa fedha. Mabomba yake yalimwaga mvinyo, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, pombe ya asali na pombe ya mchele. Kileleni alisimama malaika mwenye tarumbeta. Boucher alijaribu kuipulizia kwa mivuo, pumzi ikawa haitoshi, basi mtu akafichwa chini ya mti apulize kwa mdomo. Kinywaji kikipungua, mnyweshaji mkuu anamwita malaika, yule wa chini anapuliza, na watumishi walio nje wanamimina kingine. Wageni wanasifu malaika. Jasho ni la mtu wa shimoni.

Ndivyo mji wote ulivyoendeshwa. Wanahistoria wa Uajemi wanasimulia magari 500 ya vyakula na vinywaji yakiingia kila siku wakati wa Ögedei, mengi kutoka China. Kublai, ndugu wa Möngke, alilijua hilo. Alipogombea kiti cha Khan na mdogo wake Ariq Böke mwaka 1260, alizuia chakula cha kutoka China kisifike. Njaa ikaingia Karakorum. Mwaka 1264 Ariq Böke akajisalimisha, na Kublai akahamishia makao yake kusini, karibu na mashamba.