Mti wa miaka 70 na uongozi wa miaka 5

Kuna hoja inayozidi kushika kasi huku Lindi na Mtwara, maofisini na hata vijiweni: kwamba vijiji vimepewa madaraka makubwa mno juu ya ardhi na misitu, na sasa maamuzi yapande wilayani kwa wataalamu. Wanaoisema wengi wao wana nia njema, na baadhi wameshughulika na migogoro ya vijiji kwa miaka. Lakini naona mkutano mkuu wa kijiji unahukumiwa kwa makosa ambayo mengi si yake.

Hakuna kijiji chetu chenye kitabu kinachoitwa katiba, ila kukiwa na msitu uliotengwa, sheria ndogo na mpango wa usimamizi, kazi ya katiba, yaani kuwafunga viongozi kwa kanuni, imefanyika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaja mkutano wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano haujaridhia. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiachia kijiji mapato ya msitu wake. Na sheria ndogo za kijiji hazianzi kazi mpaka halmashauri ya wilaya iziidhinishe. Kwa hiyo anayesema wilaya haina mkono katika jambo hili hasemi kweli.

Nianze na upande wa pili, maana una ukweli wake. Mkutano unaitishwa wakati wa kuokota korosho, watu wako mashambani, wanakuja wachache, na bado muhtasari unaandikwa kwamba akidi ilitimia. Mtendaji anabaki na daftari nyumbani kwake. Akina mama wanakaa pembeni na anayezungumza kwa niaba yao ni mjumbe mmoja. Halafu kuna wafugaji walioletwa Lindi baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Kisheria ni wakazi kama wengine, ila vijiji vingi havijawahi kuwaita kwenye mkutano unaopanga malisho yao. Kijiji kinachojitawala kwa kuwafungia mlango sehemu ya watu wake kina dosari kubwa, na hilo sitaki kulipamba.

Pamoja na hayo, tuangalie usimamizi wa kijiji unavyofanyika msituni. Mti ukishaangushwa kwa kibali, wajumbe wa kamati ya maliasili wanafika na futi kamba. Mmoja anapima, mwingine anaandika, kisha nyundo yenye alama ya kijiji inagongwa kwenye kitako cha gogo. Lori likipita barabarani, mama anayeanika mihogo analiona, vijana wa bodaboda wanaliona, na watoto wanahesabu magogo. Baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yanasomwa mkutanoni mbele ya watu hao hao. Mtu yeyote anaweza kusimama akauliza mbona magari yalikuwa manne na fedha ni za magari mawili. Wilayani swali hilo haliulizwi kwa namna hiyo, kwa sababu anayesoma hesabu hakuliona gogo na aliyeliona gogo haingii kwenye kikao. Ukaguzi wa macho ya watu ni mali ambayo hatuna njia ya kuinunua.

Matunda yake yapo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia chini ya cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Nanjirinji A, kijiji cha wilaya hiyo hiyo, kimejenga madarasa kwa fedha za msitu wake.

Kinachonisumbua zaidi ni umri wa mti wenyewe. Mpingo huchukua miaka 70, wakati mwingine hata zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Uongozi wa kijiji ni wa miaka 5. Kwa hiyo mti mmoja unapita mikononi mwa awamu 14 za wenyeviti, na kila mwenyekiti ana nafasi ya kuuza na kuondoka na chake. Mpingo uliochipua mwaka ilipoanzishwa TANU, 1954, ndio kwanza unakaribia shoka. Katika maisha yake umeona halmashauri za wilaya zikifutwa mwaka 1972, watu wakihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, halmashauri zikirudishwa kwa sheria ya 1982, na wilaya zikigawanywa. Hakuna ofisi iliyodumu umri wake. Mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya naye huhamishwa, mara nyingi kabla hata ya miaka 5. Wanaobaki ni wakazi na watoto wao. Ndiyo maana kanuni inayomfunga mwenyekiti wa leo lazima iwe mikononi mwa watu ambao wajukuu wao ndio watakaoukuta au kuukosa mti huo. Mtaalamu wa wilaya tunamhitaji sana kwa kupima kiasi kinachofaa kuvunwa, ila kumkabidhi uamuzi ni jambo jingine.

Wanaotaka mamlaka yapande juu watazame Kilwa kwenye miaka ya 2008 na 2009. Kampuni ya Kiholanzi ilikuja kulima mbono (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta, kwa ajili ya nishati, ikapata karibu hekta 34,000 kutoka vijiji vinne. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ardhi isiyozidi hekta 250 mkutano wa kijiji unaweza kukubali au kukataa kuihamisha. Ikizidi hapo mwenye kauli ya mwisho ni waziri, na kijiji kinabaki kutoa maoni. Mradi ulianguka ndani ya muda mfupi. Ardhi ilikuwa imeshatoka kwenye ardhi ya kijiji, na haikurudi yenyewe kwa sababu mwekezaji ameondoka. Ngazi za juu zilikuwepo katika hatua zote za mchakato ule, na utaalamu wao haukuiokoa.

Marekebisho yanayohitajika yanajulikana. Muhtasari usomwe kwa sauti mkutano unapofuata, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, na nakala ibandikwe ofisini. Mikutano ya mapato isipangwe Oktoba na Novemba. Wafugaji waandikwe kwenye daftari la wakazi na waitwe kwa majina. Wilaya, ikipokea sheria ndogo kwa idhini, idai orodha ya waliohudhuria na iulize wanawake walikuwa wangapi. Hayo yote yanawezekana bila kubadili hata kifungu kimoja cha sheria.

Kifungu cha kubadili ni kile cha hekta 250. Kijiji kinachoaminiwa kuamua juu ya hekta 200 kinanyimwa kauli ya mwisho pale kinapokaribia kupoteza hekta 10,000, na hadi leo sijasikia sababu ya kuridhisha ya mpangilio huo.