Alipiga Deki Nyumba Tunayokwenda Kuibomoa

Jumamosi nilikwenda Makole, hapa Dodoma, kupokea funguo za nyumba niliyoinunua. Nilikwenda na fundi, pamoja na dereva wa katapila aliyetaka kuona kama mashine itapita getini. Nyumba yenyewe ni ya kuangusha. Nilichonunua ni kiwanja, na hilo kila aliyekuwepo alilijua, hata yule mama aliyeniuzia.

Tukakuta sakafu imepigwa deki. Ni ile sakafu nyekundu ya zamani, na kwenye pembe bado ilikuwa na unyevu. Funguo amezifunga kwenye uzi mmoja, kila ufunguo na kitambaa cha rangi yake: mlango mkubwa, stoo, jiko la nje, choo. Fundi wangu akashindwa kunyamaza. "Mama, unadeki ya nini wakati Jumatatu tunaangusha?"

Mama akamtazama. "Mwanangu, nyumba haikabidhiwi ikiwa chafu."

Niliona aibu, na aibu hiyo haijaniisha mpaka leo ninapoandika.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, baada ya ahadi iliyokuwepo tangu 1973, nyumba za mitaa ya zamani zimegeuka viwanja vyenye takataka juu yake. Ndivyo tunavyozungumza. Dalali anakwambia "kuna kibanda juu, usijali." Kibanda! Watu wamezaa humo, wamesomesha humo, wametoa maiti humo. Mume wa mama huyu alijenga kwa tofali za udongo, akapiga plasta ya saruji miaka mingi baadaye alipopata hela, chumba kimoja kimoja. Ukiangalia ukutani unaona plasta ya sebuleni haifanani na ya vyumbani.

Nakubali, nyumba ilikuwa imechoka. Nyufa zilipitisha mkono, na kenchi zimeliwa na mchwa. Siwezi kumwambia mtu aliyelipa mamilioni asijenge anachotaka. Mji lazima ujengwe. Lakini kununua nyumba kwa haki hakukupi ruhusa ya kuipokea kama mwizi aliyewahi.

Karatasi zangu zote zilikuwa safi. Msimamizi wa mirathi alisaini mbele ya wakili, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, hela ikapita benki. Baada ya hapo nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna kazi moja ambayo hakuna wakili anayekuandikia: kumpa aliyekuwa na nyumba nafasi ya kuondoka kwake. Sisemi kuhamisha vyombo, hiyo ni siku moja na kirikuu. Nasema kuondoka. Kuzunguka nyumba, kugusa anachotaka kugusa, kuchukua anachotaka kuchukua kabla mafundi hawajagawana.

Maana mazoea yetu ni haya: unapatana na wabomoaji bei ya chini, kwa sharti kwamba bati, milango na nondo za madirisha ni vyao. Mimi nilikuwa nimeshapatana hivyo. Milango miwili ya mninga ya mzee yule ilikuwa imeshauzwa kichwani mwa kijana nisiyemjua, na mama amesimama pale pale. Hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza.

Mambo mengine yanajulikana, ingawa watu wanayaruka. Umeme na maji vikatwe na wenye mamlaka navyo, si fundi na koleo lake. Shimo la choo linyonywe na kufukiwa kabla katapila halijakanyaga juu yake. Jirani aambiwe mapema, aanue nguo na ahamishe mgonjwa. Na kama kuna wapangaji, wasijulie habari kwa mlio wa mashine.

Tulipokuwa tunatoka, mama akasimama kwenye kichanja cha nyuma, pale mzabibu ulipotambaa mpaka juu ya paa la jiko. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, naomba ruhusa nikate pingili mbili tatu, nikapande kwa mwanangu Nzuguni."

Ameupanda yeye. Ameumwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo katika mji ambao mvua yake tunaijua. Na sasa ananiomba ruhusa, mimi niliyemkuta nao nusu saa iliyopita, ananiita baba na umri wangu ni wa mwanawe wa mwisho.

Nikamwambia dereva Jumatatu asije. Kijana wa mabaki alipiga simu akiwa amekasirika, nikamrudishia alichotanguliza. Milango nimeifungua mwenyewe na fundi, fremu na bawaba zake, tukaipeleka Nzuguni pamoja na bati nane zilizokuwa bado nzima. Wiki mbili nimempa, na akitaka ya tatu nitampa.

Juzi nilipita jioni nikamkuta uani na mjukuu wake, anamwonyesha pa kukata. Alikuwa anahesabu macho ya pingili kwa kidole: moja, mbili, tatu, hapa kata. Zilizokwisha kukatwa alikuwa amezifunga kwenye khanga iliyoloweshwa maji, amezilaza kivulini juu ya ile sakafu nyekundu. Ilikuwa imepigwa deki tena.